Freti ya 12 ya gitaa imenikimbia milimita mbili na nusu. Hesabu ya muziki inavuja wapi?

Seremala wa Mpakani (Busia)

Wadau, habari za jioni. Mimi ni seremala hapa Busia, upande wa Uganda. Kazi yangu ni vitanda, milango, na majeneza watu wanapogonga usiku. Kanisani naimba besi kwa solfa. Noti za mistari mitano nimeanza kujifunza mwaka huu nikiwa na miaka 46, kwa hiyo nikikosea jina la kitu mnivumilie.

Kijana mmoja aliniletea gitaa lililovunjika shingo. Ubao wa freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, ulikuwa umeliwa na mchwa, hata pa kunakili hapakuwepo. Nikapima waya kutoka kile kijiti cha juu mpaka kwenye daraja, kile kipande cha chini kinachobeba waya: milimita 650 kamili. Mzee aliyenifundisha ufundi, Mungu amrehemu, aliwahi kuniambia kwamba siri ya gitaa ni 18. Chukua urefu wote, gawanya kwa 18, hapo panakaa freti ya kwanza. Kinachobaki gawanya tena kwa 18, hapo pa pili. Endelea hivyo mpaka uchoke.

Nikafanya hivyo kwenye ubao mzuri wa mvule. Ya kwanza ikaangukia 36.1. Nikaendelea na msumeno mwembamba, taratibu, hadi ya 12. Hiyo najua lazima ikae katikati ya waya, maana ukibonyeza pale unapata do ileile ya juu. Katikati ya 650 ni 325. Yangu ilikaa 322.6. Seremala akikosa milimita mbili na nusu kwenye mlango anapitisha randa na maisha yanaendelea. Kwenye gitaa nilipiga, mbwa wa jirani akaondoka.

Usiku huo sikupata usingizi. Nikatoka, nikachukua kipande cha mti wa musizi, nikapigilia misumari miwili, nikakaza waya mmoja wa gitaa juu ya vijiti viwili vilivyoachana 650, nikachonga kabari ya kusogeza chini yake. Asubuhi nikamwita binti yangu aliye Senior Two (kidato cha pili) ashike penseli. Mimi nafumba macho, nasogeza kabari mpaka sikio liseme "hapa ni so", yeye anatia alama. Kisha tunapima waya uliobaki unaolia. Do ya juu: 325. So: 433, nikirudia 434, nikirudia tena 433. Fa: 487 na nusu hivi. Mi: 520.

Binti akakaa kimya na kalamu yake, halafu akasema, "Baba, hizi ni moja kwa mbili, mbili kwa tatu, tatu kwa nne, nne kwa tano." Wadau, mwili ulinisisimka. Miaka ishirini naimba do-mi-so na sikujua kwamba naimba 4, 5, 6.

Sasa shida yangu. Yule kijana alitafuta kwenye simu akaniambia namba ya kweli si 18, ni 17.817. Nikapiga hesabu upya, freti ya 12 ikaangukia 325 bila ubishi. Nikafurahi. Lakini nikitazama freti nyingine, ile ya 7, ambayo ni so, inaacha waya wa 433.8 na si 433.3. Ya 5, fa, inaacha 487 kasoro kidogo. Hizo nazisamehe. Ya 4, mi, inaacha 515.9. Sikio langu lilisema 520! Milimita nne nzima!

Maswali yangu ni mawili. Hii 17.817 imetoka wapi? Na kati ya simu na sikio langu, nani muongo?

Mwalimu wa Kwaya (Tororo)

Ndugu seremala, pole kwa mvule na hongera kwa binti. Hakuna muongo. Sikio lako ni zima na gitaa ni zima, ila hawakusoma shule moja.

Kaa na ubao wako wa musizi. Kutoka do ukienda so umebakiza theluthi mbili za waya. Ukiifanya hiyo so kuwa do mpya na kwenda so yake, unachukua theluthi mbili za theluthi mbili, unaangukia re. Halafu la, halafu mi, halafu ti, kisha zile nyeusi za kinanda moja baada ya nyingine, na mwisho fa. Ukienda mara 12 umepita noti zote 12 na unatakiwa kurudi kwenye do, oktevu saba juu zaidi (oktevu ni safari ya do hadi do ya juu yake). Fanya kwa kikokotoo, maana waya wenyewe utakuwa mfupi kuliko ukucha: 650 ukibakiza theluthi mbili mara 12 unapata 5.01. Sasa njia ya pili, ya kukata nusu kwa nusu mara saba: 5.08. Safari mbili za kwenda nyumba moja, na milango haikutani.

Usiseme 0.07 si kitu. Kwa uwiano ni asilimia 1.4 hivi, na kwenye waya wako mzima ni karibu milimita 9. Mlango gani huo utaufunga na ufa wa milimita 9? Wazee wa Wagiriki waliuona, na mpaka leo unaitwa koma ya Pythagoras.

Na hauzibiki, sababu yake hata binti wa Senior Two anaiweza. Kuhesabu kwa so ni kuzidisha 3. Kuhesabu kwa oktevu ni kuzidisha 2. Ukizidisha 3 kwa 3 mpaka kesho kutwa utabaki na namba witiri, na 2 kwa 2 daima ni shufwa. Tatu ukiizidisha yenyewe hadi ziwe tatu kumi na mbili ni 531,441. Mbili kumi na tisa ni 524,288. Zinasogeleana, zinapungiana mikono, hazikutani.

Basi waliotengeneza vinanda wakaamua kuugawa ufa. Kila so ipunjwe kidogo kiasi kwamba hakuna atakayelalamika, na hatua zote 12 ziwe sawa. Maana yake ni kutafuta namba moja ambayo ukiizidisha yenyewe mara 12 inazaa 2 kamili. Namba hiyo ni 1.05946 na vipande vyake visivyoisha. Gawanya waya wako kwa hiyo, unabaki na 0.94387 ya urefu, umekata 0.05613. Moja gawanya kwa 0.05613 ndiyo 17.8 yako.

Marehemu mzee wako naye asilaumiwe. Ile 18 ina ukoo. Vincenzo Galilei, baba yake Galileo mtazama nyota, aliiandika mwaka 1581 kwa ajili ya freti za luti, ndugu wa zamani wa gitaa. Kwenye kila hatua inakosa kwa unywele tu, lakini ukikusanya unywele 12 ndipo unapata zile 2.4 zako.

Kuhusu mi nina kesi yangu mwenyewe. So hutoka kwenye 3, lakini mi yako ya 520 imetoka kwenye 5, na hizi hatua 12 zilipangwa kuifurahisha 3. Tano imealikwa harusini ikakosa kiti. Do ikiwa 440, mi ya sikio ni 550, mi ya kinanda ni 554.4. Kwaya yangu ikiimba bila kinanda, sauti ya pili hushusha mi yenyewe mpaka panatulia kama maji mtungini. Ubeti wa tatu kinanda kikiingia, wanaonekana wako chini. Kwa miaka nimewagombeza wale akina mama kwamba hawasikilizi. Nilipokuja kuyasoma haya ndipo nikaona walikuwa wanasikiliza kuliko mimi, na Jumapili moja niliwaomba radhi mbele ya wote. Mmoja akajibu, "Mwalimu, sisi tulijua."

Seremala wa Mpakani (Busia)

Mwalimu, nimesoma mara tatu, mara ya pili kwa sauti ili mke wangu naye asikie. Yaani ufa lazima uwepo, na fundi anachochagua ni mahali pa kuuficha? Hiyo naielewa kabisa, hata kabati hatujengi kwa njia nyingine.

Sasa nikatie freti ya 4 pale 520 ili mi iwe ya kweli? Nani atanikataza?

Waya Sita (Jinja)

Mimi nakukataza. Freti ni chuma kimoja kinachopita chini ya waya zote sita. Ukiisogeza ili mi iwe tamu kwenye waya wa kwanza, kwenye waya wa pili freti hiyohiyo ni noti nyingine yenye kazi nyingine, na pale utaharibu. Mteja akibadili ufunguo wa wimbo atakurudishia gitaa kabla jua halijazama. Tumia 17.817 na uache hisia.

Kitu ambacho simu haikukwambia: ukibonyeza waya unaunyoosha, kwa hiyo unapanda kidogo juu ya hesabu. Ndiyo maana daraja husogezwa nyuma milimita mbili hivi, waya mnene zaidi kuliko mwembamba. Piga freti ya 12 kwa kubonyeza, kisha gusa tu waya palepale bila kubonyeza ili utoe ile sauti ya filimbi. Zote mbili ni nusu ya waya, zinatakiwa zilingane. Ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha daraja nyuma. Na kosa lingine: pima kila freti kuanzia kijiti cha juu, usipime kutoka freti hadi freti, maana makosa ya penseli nayo yanajumlishana.

Adungu ya Nebbi

Mnapenda shida. Sisi Waalur adungu, kinubi chetu, tunakaza kwa sikio, waya wa tatu ukigombana na wa kwanza unazungusha kigingi mpaka wapatane, basi. Kanisani tukipiga na kinanda tunakaza kwa kinanda, nyumbani tunakaza kwa mwimbaji. Baba yangu hakujua 17 wala 18 na watu walicheza hadi alfajiri.

Ila hiyo ya 4, 5, 6 nimeijaribu leo kwenye adungu kubwa kwa kamba ya kupimia. Haikukaa sawa hata kidogo, kwa sababu waya zangu hazina unene mmoja wala mkazo mmoja. Seremala, wewe ulitumia waya mmoja na kabari, ndiyo maana ukaziona namba. Umebahatika.

Omwawuzi (Kampala)

Mzee Seremala, heshima yako. Mimi ni mwanafunzi wa muziki, na jioni napiga amadinda, marimba ya Buganda. Naomba niwavurugie mezani kidogo, maana hapo juu mnaongea kana kwamba 2/3 ni amri ya mbinguni.

Kwenye ule ubao wako wa musizi, tia alama hizi: waya unaobaki uwe 566, 493, 429, 373, na 325. Hiyo ni oktevu iliyogawanywa hatua tano zinazolingana badala ya 12. Namba yake ni ile ambayo ukiizidisha mara tano inazaa 2, yaani 1.1487. Amadinda ya Buganda inakaa karibu na hapo. Nasema karibu kwa sababu fundi anapatanisha kwa sikio, na ukipima chombo halisi utakuta hatua moja imezidi kidogo na nyingine imepungua. Tazama sasa: 493 si fa yako ya 487, na 429 si so yako ya 433. Zimekaa kando kidogo. Wenzangu waliokulia kwenye kinanda wanasema amadinda imeharibika. Mwalimu wangu wa amadinda husema kinanda ndicho kilichoharibika, halafu anaendelea kunywa chai.

Utamu wa hizi tano ni kwamba hesabu yake haiko kwenye urefu, iko kwenye kusuka. Chombo kina vibao 12 vya mti wa lusambya, vimelazwa juu ya migomba miwili. Vibao 12 ni 5, na 5 tena oktevu ya juu, na 2 vya mwisho. Wapigaji wawili wanaketi wakitazamana, kila mmoja na fimbo mbili. Wa kwanza anapiga mfululizo wake kwa mwendo sawa, wa pili anapiga wake ndani ya mapengo ya mwenzake. Huyo wa pili ndiye omwawuzi, ndiyo kazi yangu. Hakuna anayesubiri, hakuna anayegongana, na mwendo unaotoka ni wa kasi mara mbili ya mkono wa mtu mmoja.

Mfano, huu nimeutunga mimi sasa hivi, si wimbo. Vibao tuviite 1 hadi 5. Mwenzangu anarudia 3, 5, 2, 4. Mimi narudia 1, 4, 1, 2. Zikisukwa unasikia 3 1 5 4 2 1 4 2. Sasa mpigaji wa tatu, omukoonezi, anakaa kwenye vile vibao viwili vidogo vya mwisho. Kazi yake ni kusikiliza wapi 1 na 2 zinatokea kwenye msuko na kuzirudia kule juu. Kwa hiyo anapiga: kimya, 1, kimya, kimya, 2, 1, kimya, 2. Tazama vizuri. Huo mstari mwenzangu hana, na mimi sina. Kwangu kuna vipande vitatu vyake na kwake kimoja. Umezaliwa katikati yetu, na msikilizaji anausikia kama mtu anaongea.

Halafu wakubwa wanasema, badilisheni omuko. Kila mtu anasogea kibao kimoja: 1 inakuwa 2, 2 inakuwa 3, na 5 inazunguka kurudi 1, kama saa yenye namba tano badala ya 12. Wimbo wetu unakuwa 4 2 1 5 3 2 5 3. Ni uleule, kwa kuwa hatua zinakaribiana na sikio linautambua. Lakini omukoonezi sasa ana: kimya, 2, 1, kimya, kimya, 2, kimya, kimya. Sentensi nyingine kabisa! Hatukubadili chochote ila mahali pa kusimama. Mara ya kwanza kuipata hii kwenye daftari nilikuwa ndani ya matatu ya kwenda Mukono, nikapitiliza kituo changu.

Namba hizi za 1 hadi 5 sikuzibuni. Gerhard Kubik, Mwaustria, alifika Uganda mwaka 1959 akajifunza kwa Evaristo Muyinda aliyekuwa mpigaji wa jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda, na nyimbo akaziandika kwa namba. Wengi wanamsifu Kubik kwa kugundua hesabu. Mimi nasema hesabu ilikuwa mikononi mwa akina Muyinda, yeye alileta karatasi.

Mwalimu wa Kwaya (Tororo)

Kijana, umenifunga mdomo na nimefurahi. Swali moja tu: 12 ya vibao na 12 ya kinanda, ni bahati?

Omwawuzi (Kampala)

Bahati, mwalimu. Yenu ni 12 kwa sababu so kumi na mbili zinakaribia kurudi nyumbani. Yetu ni 5 na 5 na 2. Akadinda, kubwa yake, ina vibao 17 au 22, na hapo 12 haipo.

Seremala wa Mpakani (Busia)

Nimerudi, samahani kwa kimya. Kulikuwa na majeneza mawili wiki hii.

Shingo ya pili imekwisha, kwa 17.817, kila freti nimeipima kutoka juu kama Waya Sita alivyosema. Daraja nililirudisha nyuma, waya mnene ukadai karibu milimita tatu. Kijana amelipa, na amepiga hapa karakana mpaka mteja wa kitanda akasahau kubishana bei. Nilimwonyesha freti ya 4 nikamwambia, hiyo mi si ya kweli, ni ya makubaliano. Akanitazama kama mtu aliyekula kitu kibichi.

Ubao wa mvule wa 18 nimeutundika ukutani. Siutupi, una jina la mzee wangu.

Sasa, Omwawuzi. Jumapili baada ya ibada mimi na binti tulitia zile alama zako, 566, 493, 429, 373, 325. Nilifumba macho. Kabari ilipofika 429 sikio langu lilikataa, likasema hii ni so iliyolewa. Tukaendelea kupiga zote tano juu na chini, juu na chini, labda nusu saa. Ghafla nikakumbuka kwanjula moja (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa) niliyoalikwa Mukono zamani, chini ya hema, na wale wazee wa marimba pembeni. Zilikuwa ni sauti hizi! Nilizisikia siku nzima nikila na kucheka, wala sikio halikulalamika hata mara moja. Limeanza kulalamika juzi tu, kwa sababu nimelifundisha sehemu kama 2/3.

Binti ameandika 3 1 5 4 2 1 4 2 kwenye mlango wa karakana kwa chaki. Yeye anagonga ya kwako kwenye meza, mimi nagonga ya mwenzako kwenye boksi la misumari. Tunafika mzunguko wa sita hivi halafu mimi naingia kwenye pengo lisilo langu. Ananiambia, "Baba, unanisikiliza mno, piga yako."

Nina maswali ya ufundi sasa. Lusambya naipata kwa mtu wa Iganga, mbichi. Niikaushe muda gani kabla ya kuchonga? Na kibao kikiwa chini ya sauti unayotaka unafanyaje, maana nilichokata hakirudi?

Omwawuzi (Kampala)

Mzee, kinarudi. Ukikwangua tumbo la kibao, katikati upande wa chini, sauti inashuka. Ukikwangua miisho, inapanda. Kwa hiyo kila kibao kina milango miwili, ila usipite kila mmoja mara nyingi, kitaisha. Kuhusu kukausha, usianze na mbichi kabisa, kibao kitabadilika sauti kila wiki na utadhani umelogwa. Kiweke kivulini mpaka kikigongwa kilie badala ya kugumia.

Lakini maandishi hayatoshi kwa hili. Tunapiga Jumamosi saa kumi jioni. Omukoonezi wetu ameenda kufanya kazi Mbarara na nafasi iko wazi. Njoo na binti.

Seremala wa Mpakani (Busia)

Jumamosi ijayo nina milango ya shule ya kufunga. Inayofuata tunakuja. Nibebe randa yangu au mnayo ya kwenu?